Kivuko Kimejaa

Jumatatu, Machi 3

Sasa hivi Kidosho ameingia chini ya meza, amevuta kitambaa chekundu kutoka kwenye mfuko wangu wa kazini, amejifunga kichwani, na anazunguka chumba akisema "Hapana! Hapana!" kwa sauti ileile ninayowaambia madereva. Nimecheka mpaka kalamu imeniponyoka. Miaka miwili hajatimiza, ila kazi ya mama yake ameshaijua.

Daftari hili nimepewa na Karani wa ofisini. Amesema niandike kidogo kila siku, mwandiko utanyooka, na mvua zikiisha Mkuu wa ofisi akitaka mtu wa kudumu pale dirishani asione aibu kunichukua. Shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma nasoma. Basi naanza.

Dirisha langu liko gatini, pale meli inaposhusha watu. Wageni wote wanakuja kwa kitu kimoja, yale maporomoko ya upande wa pili wa kisiwa, maji yanayoanguka kutoka mlimani moja kwa moja mpaka baharini. Na wote swali lao moja: "Tunafikaje huko?" Nawaambia njia ni nne. Kuna pikapu kupitia msituni, mnavuka mto pale kwenye kivuko cha mawe, halafu mnatembea kidogo. Kuna pikipiki, njia hiyohiyo, kwa mwenye mgongo wa chuma. Kuna boti kuzunguka rasi, kwa asiyetapika. Na kuna miguu, kupitia juu ya mlima, kwa asiye na haraka ya kuwaona tena watoto wake. Hilo la mwisho nimeliongeza mwenyewe, wageni wanalipenda.

Mvua zikianza, kivuko ndicho kinachoamua. Mto ukijaa, gari linasombwa. Kwa hiyo nikitundika kitambaa cha kijani, magari yanakwenda. Nikitundika chekundu, hakuna gari linalotoka na mgeni. Na mto nitaujuaje nikiwa gatini, kutoka huku ni mwendo mrefu? Naujua kwa Baba Kidosho. Yeye ni nahodha wa boti. Kila alfajiri anawapeleka wafanyakazi wa maporomoko, anapita pale mto unapomwagika baharini. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, huko juu kivuko kimejaa. Yakiwa meupe, kunapitika. Ananipigia simu, maneno mawili tu, natundika.

Fikiria, madereva wote, na wa kwanza wao kaka yangu, wanasubiri sauti ya mume wangu. Mimi huwa najisikia kama nimeolewa na redio.

Jumanne

Kijani. Kidosho ana mafua.

Alhamisi, Machi 6

Leo gatini palikuwa kama arusi. Tajiri mwenye maboti ameleta chombo kipya, kikubwa, kina paa na viti vya sponji, na ubavuni ameandika kwa rangi ya bluu, herufi za kutosha kusomwa na kipofu: KIVUKO. Baba Kidosho ndiye amepewa kukiendesha. Alivaa shati jeupe, akasimama mbele kama picha.

Kaka alikuwa ameegemea pikapu yake. Akapiga honi. Kaka haongei bila kupiga honi kwanza.

"Shemeji! Sasa kisiwa kina vivuko viwili. Kimoja cha mawe, kimoja cha viti vya sponji. Mtu akisema kivuko tujue kipi?"

"Kinachovusha wenye akili ndicho changu," mume wangu akamjibu, "na kinachochosha matairi ndicho chako."

Watu walicheka, na Kaka akacheka kuliko wote. Nawapenda wakiwa hivi. Kaka ndiye aliyenilea baba alipofariki, na siku ya kuolewa kwangu yeye ndiye aliyenipakia kwenye hiyo pikapu, honi njia nzima.

Jioni Baba Kidosho akaja na mabuti ya mpira, mekundu, madogo kama vikombe. "Ya binti wa nahodha." Kidosho amelala nayo. Nimejaribu kumvua, amenipiga teke.

Jumatano, Machi 12

Mvua imeshuka usiku kucha kama imetumwa. Alfajiri simu: "Kivuko kimejaa." Chekundu.

Kaka hakuamini. Akaenda mwenyewe bila wageni, akarudi tope mpaka kwenye nyusi. "Dada, nisamehe. Mto unabeba magogo. Mumeo kaniokoa." Akamletea Kidosho ndizi. Nilimwambia mume wangu, akatabasamu tu, akasema, "Shemeji anadhani mto ni mali ya mama yake."

Ijumaa

Chekundu.

Jumamosi

Chekundu. Kidosho amejifunza kusema "mvua". Anasema "vua".

Jumanne, Machi 18

Mkuu alipita dirishani, akasimama kwa adabu, na Mkuu akisimama kwa adabu ujue kuna jambo. Amesema ofisi imechoka na njia ya msituni. Mvua zikiisha wataangalia ripoti za dirisha langu. Siku nyekundu zikiwa nyingi mno, barabara itafungwa moja kwa moja, wageni wote watapita baharini, na ile tingatinga inayochonga barabara kila mwaka haitapanda tena huko.

Nikahesabu watakaoumia. Kwanza Kaka. Ana pikapu tu, hana kingine. Na pili mama. Mama anakaa ng'ambo ya mto, hatua chache kutoka kivukoni. Barabara ikifa, majani yakiimeza, mgonjwa wa kule atashukaje?

Nilimwambia Baba Kidosho wakati wa kula. Alitafuna polepole. Akasema, "Mvua itapungua, mama Kidosho. Wewe tundika unachoambiwa, usibebe mambo ya wakubwa." Kisha akampakata mtoto, akamwimbia mpaka akalala. Moyo ukatulia. Mwanamume anayembembeleza mtoto hivyo, nikawaza, hata akisema kesho jua litatoka kisimani nitakwenda kuangalia.

Alhamisi

Kijani! Kaka amepakia mpaka mama mmoja akakaa juu ya tairi la akiba. Mgeni mwingine, mwenye viatu vipya vya kupandia mlima, alikataa pikapu na boti, akaenda kwa miguu. Amerudi jioni akiwa amebebwa kwa pikipiki. "Ile ya kutowaona watoto," akaniambia, "nilidhani unatania."

Jumatatu, Machi 24

Chekundu.

Jumanne

Chekundu.

Jumatano

Chekundu. Kivuko kipya kimeondoka kimejaa, watu wengine wamesimama.

Jumamosi, Machi 29

Nilipanga kumpeleka Kidosho kwa bibi yake leo, sina kazi. Baba Kidosho akasema kivuko kimejaa, nisithubutu. Simu za kule hazishiki vizuri, mpaka mtu apande jiwe. Mama sijamsikia tangu mvua zianze.

Jumatano, Aprili 2

Kaka leo hakupiga honi. Alikuja dirishani kwa miguu.

"Dada, nikuulize. Nguo zako kwenye kamba zimekauka?"

"Zimekauka."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Nguo zinakauka, uwanja unatimua vumbi, halafu mto umejaa. Huo mto unanyweshwa na nani?"

Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi nyumbani, kwamba mvua ya huku si mvua ya mlimani, kule juu inanyesha sisi hatuoni. Akaniangalia. Nikaongeza, na hili ndilo linaloniuma nikiandika, "Mara ya kwanza pia hukuamini. Ukaenda ukaona. Unataka kuaibika mara mbili?"

Akafuta kioo cha dirisha langu kwa kiganja, bila sababu, akaondoka.

Karani aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Shemeji yake anapata, yeye hapati. Wivu huo." Nikakubali. Nikakubali kwa kichwa, hivi.

Ijumaa

Chekundu. Nasikia Kaka sasa anabeba mchanga wa watu wanaojenga. Pikapu aliyokuwa anaipangusa kama mtoto.

Jumapili

Kidosho anavaa mabuti hata ndani. Jua kali. Nikamwambia hakuna mvua mama, vua hayo mabuti. Akasema, "Vua?" akakimbilia mlangoni kuangalia mbinguni.

Jumanne, Aprili 8

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi chekundu, kama kawaida. Meli ilikuwa imeshaondoka, gati kimya. Akaja Mama Mafagio, yule anayetengeneza mafagio ya njiti, jirani wa mama. Mzigo kichwani. Huyu mama wakati wa mvua haonekani huku. Nikafurahi, nikamtolea kiti.

"Umepita juu ya mlima na mzigo wote huo?"

"Mlima? Nina wazimu? Nimepita kivukoni."

"Kivuko kimejaa."

"Kimejaa nini?"

Nikamtazama. Gauni lake lilikuwa refu, mpaka kwenye vifundo, na pindo lake lilikuwa kavu. Lina vumbi. Nilishuka nikalishika pindo lile kwa vidole kama fundi cherehani, yeye akacheka, "Mwanangu, unataka kununua gauni au fagio?"

Nikamwuliza labda leo tu maji yamepungua. Akasema wiki mbili sasa watoto wanavuka wakikimbizana. Akasema, "Hata mama yako anauliza, mbona hamji? Anadhani amewakosea."

Nilifunga dirisha. Nikamchukua Kidosho kwa jirani, nikaenda mpaka pale wanapojenga. Kaka alikuwa anapakua mchanga, mabega meupe kwa vumbi.

"Kaka, nipeleke kwa mama."

"Kitambaa ni chekundu."

"Chekundu ni cha wageni. Mimi ni mgeni?"

Akapiga sepeto kwenye mchanga likasimama. "Panda mbele."

Barabara ilikuwa kavu, majani yameanza kuota katikati, pale ambapo siku za nyuma hapaoti kitu kwa sababu ya magari. Ndege wamezoea kukaa njiani, mpaka Kaka akawapigia honi.

Kivukoni akasimamisha. Maji yalikuwa meupe, yanacheka juu ya mawe. Nikamshusha Kidosho, na kabla sijamshika akakimbia, moja kwa moja mpaka majini, akasimama katikati na mabuti yake mekundu. Maji hayakuingia ndani ya buti. Nasema hayakuingia. Mabuti madogo kama vikombe, na maji yameishia chini ya mdomo wa buti, na mwanangu anarukaruka akisema, "Vua! Vua!"

Kaka alizima injini. Hakunitukana. Hakusema nilikwambia. Alienda akachuchumaa pembeni akanawa uso, akanawa tena, akanawa mpaka nikaona hanawi.

Kwa mama tulikaa kidogo. Alimkumbatia Kidosho akamnusa shingoni. Akaniambia taratibu, "Nilijua umenikasirikia. Nimekaa hapa nahesabu niliyosema." Sikumwambia ukweli. Ningeanzaje? Nilisema kazi nyingi.

Baba Kidosho bado hajarudi. Sufuria iko motoni. Naandika hapa jikoni kusudi mikono iwe na kazi.

Siku hiyohiyo, baada ya kula

Nilimwacha ale kwanza. Nisije nikaambiwa nilimnyima mtu chakula.

Nikasema, "Leo nimekwenda kwa mama."

Akaacha kutafuna. Kisha akatafuna tena. "Na nani?"

"Na Kaka. Kidosho amevuka na mabuti uliyompa. Miguu mikavu."

Nilitaka akatae. Wallahi nilikuwa nimemtayarishia na uongo wa kuniambia, niukubali: labda macho, labda jua la alfajiri linadanganya rangi ya maji. Hakuuchukua. Alivuta kiti karibu, akanishika mkono, akaanza kuniambia kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Tajiri amemwahidi. Barabara ikifungwa, kivuko kile atakuwa mshirika, si mtu wa kuajiriwa. Tutahama hiki chumba. Kidosho atasoma shule nzuri, si kama. Hapo akakatiza. Si kama mimi, alitaka kusema.

"Na Kaka?"

"Shemeji ni mwanamume, atapata kazi nyingine. Si anabeba mchanga?"

"Na mama?"

"Mama tutamleta huku." Kama anazungumzia kuhamisha kabati.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia tu."

"Ungeweza kutundika ukijua?"

Nikasema hapana.

"Ndiyo maana," akasema, na akatabasamu lile tabasamu, akanipigapiga mkono. "Bado siku chache tu, mke wangu. Tundika chekundu mpaka mvua ziishe, halafu tumemaliza."

Kwa hiyo ndivyo. Alinichagua kwa sababu watu wananiamini, na akanidanganya kwa sababu namwamini. Nikafikiri kila asubuhi nilivyokuwa nasimama na simu sikioni huku natabasamu. Kila asubuhi. Na wanawake wa gatini wakiniambia, "Leo mume kasema nini?" na mimi nikijibu kwa maringo.

Kidosho amelala na buti moja. Lingine sijui liko wapi.

Jumatano, Aprili 9

Alfajiri simu ililia. "Kivuko kimejaa."

Nikakata bila kujibu. Nikatundika kijani.

Jumatano, jioni

Gati lilisimama. Madereva hawakuamini, mmoja akaniuliza kama nimekosea rangi. Kisha honi. Kaka aliipiga kutoka kona ya sokoni mpaka mbele ya dirisha, vumbi la mchanga bado liko kwenye bodi. Wageni wakapanda. Kivuko cha viti vya sponji kikaondoka na mbuzi wa mtu na wazee wawili.

Tajiri alikuja dirishani, uso umekunjamana. "Binti, nani kakwambia mto umepungua?" Nikamwambia, "Mabuti." Akadhani namtukana.

Mume wangu ameingia, amechukua shati, ametoka. Hajasema hata jina la mtoto.

Ijumaa, Aprili 11

Mkuu ametuita. Naandika yote kama yalivyokuwa, nikija kusahau daftari linikumbushe.

Ofisi ya Mkuu ina feni inayozunguka bila upepo. Tulikaa kwenye benchi: mimi, Kaka, Baba Kidosho, na Tajiri aliyejiletea kiti chake mwenyewe. Karani alikuwa anaandika. Kidosho nilikuwa nimempakata.

Mkuu akauliza, siku zote hizi nyekundu, wakati maji yamepungua, ni nani alisema mto umejaa?

Nilijua jibu. Lakini nilinyamaza. Nilitaka aseme mwenyewe. Nilimpa nafasi mume wangu, kama unavyomsogelea mtu kwenye benchi apate pa kukaa. Nikawaza akisema, "Ni mimi, nilikosea," nitamsamehe palepale, nitakwenda naye nyumbani, nitapika.

Akasimama. Akafunga kifungo cha shati.

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa bahari. Habari ya mto naijulia wapi? Mimi kila asubuhi nilikuwa nampigia mke wangu simu, namwambia hali ya chombo changu. Kivuko kimejaa. Chombo kinaitwa Kivuko, kimeandikwa ubavuni, kila mtu anasoma. Yeye akaelewa mto."

Kisha akanigeukia kwa huruma. Kwa huruma! Akasema, "Tusimlaumu sana. Darasa lake dogo."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya labda. Karani naye akacheka, yeye aliyenipa daftari. Tajiri akacheka mpaka kiti kikalia. Kidosho akaona watu wanacheka, naye akacheka, akapiga makofi. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, mwanangu kunichekea bila kujua.

Yale maneno mawili yalikuwa yetu. Tangu mwaka tuliooana, kabla chombo hakijanunuliwa, kabla hakijapakwa rangi, alfajiri kivuko kimejaa ilikuwa mto. Sasa nikaelewa rangi ile ya bluu ilipakwa kwa kazi gani. Alikuwa ametayarisha mlango wa kutokea kabla hajaingia, na mlango wenyewe ulikuwa mgongo wangu.

Kaka alitaka kusimama. Nikamshika goti. Nikasimama mimi, na mtoto mkononi.

Nikasema, "Mheshimiwa, darasa langu dogo kweli. Nisaidiwe jambo moja tu. Simu ilikuwa inakuja alfajiri, kabla ya meli. Kama alfajiri chombo kilikuwa kimeshajaa watu, hao wageni wote niliomletea baada ya meli kufika aliwaweka wapi?"

Feni ikazunguka.

Mkuu akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu. Tajiri akasema, "Hawa wanawake," lakini hakumalizia, kwa sababu Karani alikuwa ameanza kucheka tena, safari hii ameziba mdomo kwa daftari la kumbukumbu, na Kaka, Mungu ambariki, akatoa sauti ya honi kwa mdomo. Pip.

Barabara haitafungwa. Tingatinga itapanda. Lakini Mkuu amesema habari ya mto isipite tena kwa mtu wa boti wala kwa mke wa mtu wa boti, na dirisha langu atapewa mwingine. Akasema hivyo akiangalia karatasi. Nimeshinda na nimepoteza kwa pumzi moja. Lile dirisha nililipenda. Nilikuwa napangusa kingo zake kwa leso yangu mwenyewe.

Nikauliza nani basi ataangalia mto. Akasema atafutwe mtu anayekaa hukohuko.

Nikasema, "Mimi."

Jumamosi

Kaka amekuja na pikapu. Godoro, sufuria, beseni, mfuko wa nguo. Kitambaa cha kijani na chekundu nimepewa niondoke navyo. Baba Kidosho alikuwa baharini, au alijiweka baharini. Nimeacha funguo kwa jirani.

Buti la pili lilikuwa ndani ya sufuria.

Jumatatu, Aprili 21

Mama anasema napiga kelele usingizini. Sijui nasema nini, hataki kuniambia.

Kazi yangu sasa ni hii: kukipambazuka nakwenda mtoni, naingia kwa miguu yangu, halafu napanda jiwe ambapo simu inashika, nampigia Kaka. Neno kivuko silisemi. Nasema maji ya kifundo, maji ya goti, maji ya kiuno. Kaka anasema nimekuwa kama fundi wa kushona suruali.

Alhamisi

Kifundo.

Ijumaa

Kifundo. Wageni walipita, mmoja akanikumbuka. "Wewe ndiye wa njia nne!" Akaniomba niseme tena ile ya watoto. Nikaisema, haikunichekesha.

Jumatano, Aprili 30

Goti. Kidosho anaita "Baba" akisikia chochote chenye injini. Leo ameiita tingatinga. Dereva wake akaitika, akampungia mkono. Niliingia ndani nikalia kidogo, nikatoka.

Mabuti yanambana. Vidole vimefika mwisho.

Jumapili, Mei 4

Mvua imerudi jana mchana na haijapumzika. Kukipambazuka nilitia mguu, nikautoa. Maji ya kiuno na yanavuta, chini yanakokota mawe, unayasikia yakigongana. Nimempigia Kaka. Chekundu nimekitundika kwenye mti huu wa upande wetu. Upande wa pili hakionekani vizuri, matawi yanakifunika.

Naandika kibarazani, daftari lisilowe. Mama anachambua mboga. Kidosho amesimama juu ya kigoda, na mara anasema, "Baba." Nikamwambia siyo, mama, hakuna gari. Akasema tena, "Baba," na ameonyesha kidole.

Ni yeye kweli. Yuko ng'ambo, amekuja kwa miguu, shati limemganda mwilini. Amekunja suruali mpaka magotini na ameweka mikono mdomoni. Anaita, "Mama Kidosho! Kunapitika?" Shingoni ametundika vitu vyekundu viwili, vimefungwa kwa kamba. Mabuti. Kwa mbali yanaonekana makubwa kuliko yale.

Mama amenyanyua uso, ameniangalia, amerudi kwenye mboga zake.

Kutoka pale alipo mto unaonekana mpole. Juu umetulia, na kama hujautia mguu utadhani unacheka. Mtu wa bahari, habari ya mto ataijulia wapi. Ameniuliza mimi. Anasubiri mdomo wangu kama nilivyokuwa nasubiri wake. Nikinyamaza tu, sijasema uongo wowote, ataingia.

Sijui kama namtaka huku. Hilo sijalijua, na leo sitalijua. Najua tu kwamba mtoto wangu amesimama kwenye kigoda anaangalia, na neno langu la mto sitaliharibu kama yeye alivyoharibu lake.

Anaita tena, sasa kwa jina langu la nyumbani, na ameshatia mguu mmoja, ngoja nishuke nimpigie kelele arudi nyuma asubiri, kwamba kivuko